Sailensi ya Dizeli: Historia ya Skrubu Inayoguswa Mwisho

Gari la dizeli likiletwa gereji linatetemeka hali limesimama, mkono wa fundi mwenye haraka huenda moja kwa moja kwenye skrubu ya sailensi, yaani ya kupanga kasi ya injini isiyo na mzigo. Anaizungusha nusu mzunguko, injini inapanda kidogo, mtetemo unapungua, mteja anashukuru na kulipa. Ugonjwa umebaki palepale, ila sasa hausikiki. Mimi ni fundi wa pampu na nozo za kupulizia dizeli. Nimeshika kazi hii Arusha tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, kwanza katika karakana ya umma, baadaye kwenye gereji ya kukodi eneo la Unga Limited. Magari niliyoyapokea skrubu hiyo ikiwa imeshachezewa ni mengi kuliko yale ambayo haikuguswa. Ndiyo maana nimeona niandike historia yake: ilitoka wapi, waliotutangulia waliitumiaje, na kwa nini mwalimu wangu alitufundisha iwe kitu cha mwisho kuguswa.

Injini inayohitaji msimamizi

Rudolf Diesel alipata hataza ya injini yake nchini Ujerumani mwaka 1893, na mwaka 1897 mashine yake ya kwanza iliyofanya kazi vizuri ikafanyiwa majaribio katika kiwanda cha Augsburg. Ilikuwa kubwa, ndefu kupita kimo cha mtu, na mafuta yaliingizwa kwenye silinda kwa nguvu ya hewa iliyoshindiliwa na kompresa. Injini ya namna hiyo ilifaa kiwandani na melini, ambako huzunguka kwa kasi ileile kutwa nzima. Gari dogo lina maisha mengine. Husimama njia panda, hungoja abiria, hushuka mlima likiwa gia ya chini. Linahitaji injini iwezayo kuzunguka polepole bila mzigo, muda mrefu, bila kuzima.

Aliyefungua njia ni Robert Bosch wa Stuttgart. Mwaka 1922 aliamua kutengeneza mfumo wa kupulizia dizeli usiotegemea kompresa, na mwaka 1927 pampu zake zikaanza kutoka kiwandani kwa wingi. Mwaka 1936 Mercedes-Benz wakaonyesha Berlin gari dogo la 260 D, lenye injini ya lita 2.6 na nguvu ya farasi 45. Waliolipenda zaidi walikuwa madereva wa teksi, watu ambao injini zao huunguruma saa nyingi bila kwenda kokote. Kwao sailensi iliyotulia ilikuwa ni pesa iliyobaki mfukoni.

Hapa sina budi kueleza jambo moja la kiufundi, kwa maana bila hilo historia yote haieleweki. Injini ya petroli ya zamani huongozwa kwa hewa. Ukiachia pedali, kipepeo cha kabureta hufunga, injini inanyimwa pumzi, inatulia. Dizeli huachiwa hewa yote wakati wote, na kasi yake hutegemea kiasi cha mafuta peke yake. Ikiwa haina mzigo, ukiipa mafuta yaliyozidi kidogo tu itaendelea kupanda, na ukiipa pungufu kidogo itashuka hadi izime. Hakuna kiasi kimoja unachoweza kukifunga kwa skrubu ukasema itakaa hapo. Lazima ndani ya pampu pawe na kitu kinachopima kasi kila wakati, kikiongeza na kupunguza mafuta. Kitu hicho ndicho gavana.

Wazo la gavana ni la kale kuliko dizeli. James Watt alilitumia kwenye injini za mvuke mwaka 1788: vizito viwili vinazunguka, vikienda kasi vinatanuka, vikitanuka vinabana mvuke. Ndani ya pampu ya dizeli vizito hivyo ni vidogo vya kuenea kiganjani, na upande wa pili vinakabiliwa na springi. Vizito vinataka kupunguza mafuta, springi inataka kuyaongeza, na sailensi ni pale nguvu hizo mbili zinapolingana. Injini iliyo sailensi hutulia kama mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani bila kuishika: shingo yake haijakazwa, inajirekebisha kwa kila hatua. Skrubu ya sailensi kazi yake ni kuamua springi ianzie wapi kusukuma. Kujirekebisha kwenyewe hufanywa na gavana.

Tena nguvu ya vizito hupungua haraka kuliko kasi. Kasi ikishuka nusu, nguvu hubaki robo. Chukua Landrova ya zamani inayofika mizunguko 4000 kwa dakika na kukaa sailensi kwenye 600 hivi. Nguvu ya vizito vyake ikiwa sailensi ni takriban sehemu moja kati ya 44 ya ile ya mwendo wa juu. Kwa hiyo kila kasoro ndogo, iwe pini iliyolika, plunja iliyokwaruzika au upepo kidogo ndani ya mafuta, humezwa gari likiwa barabarani na kujitokeza kwanza kwenye sailensi. Mwalimu wangu hakuwa na hesabu hiyo, lakini matokeo yake aliyajua vizuri. Alikuwa akisema dizeli huanza kuugua ikiwa imesimama.

Landrova na watu waliotufundisha

Kwetu kaskazini elimu hii ilifika zaidi kwa Landrova. Gari hilo lilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948 likiwa la petroli. Injini ya dizeli ya lita 2 ilikuja mwaka 1957, na mwaka 1961 ikafuatiwa na ile ya sentimita za ujazo 2286. Hiyo ya pili ndiyo tuliyoikuta chini ya boneti za Landrova 109 za serikali, za mbuga, za misheni na za wafanyabiashara wa mifugo.

Pampu yake iliitwa DPA, kutoka kampuni ya CAV ya Acton, London, lakini mzizi wake uko Marekani. Pampu za mwanzo zilikuwa na plunja moja kwa kila silinda, zimepangwa mstari mmoja. Mmarekani Vernon Roosa akabuni pampu yenye sehemu moja ya kusukuma na rota inayogawa mafuta kwa kila silinda kwa zamu, na kiwanda kimoja cha Hartford kikaanza kuiuza mwaka 1952. CAV wakachukua leseni. Pampu ikawa ndogo, nyepesi na ya bei nafuu, ikafaa magari madogo na matrekta. Lakini ilikuja na sharti ambalo lingetugharimu baadaye: pampu ya mstari hulainishwa na oili, ilhali hii hulainishwa na dizeli ileile inayopita ndani yake.

Juu ya DPA kuna skrubu mbili zinazogusana na mkono wa mafuta. Moja ni ya sailensi, ina nati yake ya kukazia. Ya pili ni ya mwendo wa juu, na hiyo ilifungwa waya na kupigwa muhuri wa risasi tangu ilipopimwa. Ukiona muhuri umekatwa, ujue gari limepita kwa mtu aliyetaka lipae.

Fundi aliyenifundisha alijifunza kwa Kalasinga mmoja mwenye gereji mjini Moshi, enzi za ukoloni. Masingasinga wengi walifika Afrika Mashariki kama mafundi, wengine wakati wa ujenzi wa reli ya Uganda miaka ya 1890, na watoto na wajukuu wao wakafungua karakana katika miji mingi ya pwani na bara. Vijana wa Kiafrika waliingia humo kuosha vyuma, kushika taa na kuleta spana. Wengi hawakupewa cheti. Walichopata ni mpangilio wa kazi, na mpangilio huo mwalimu wangu aliushika mpaka anastaafu.

Kwanza, hakukubali kugusa sailensi ya injini baridi. Gari lilitembezwa hadi Tengeru na kurudi, ili oili ilegee na injini ifikie joto lake la kazi. Likishafika, taa zote zilizimwa. Kisha alitaka ukimya. Kipimo cha mizunguko cha magari ya petroli husoma mapigo ya umeme wa plagi, na dizeli haina plagi za kuchoma mafuta, kwa hiyo gereji ya kawaida haikuwa na chombo cha kuisomea. Kifaa kilikuwa sikio. Alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye injini na mpini sikioni, akahama silinda moja hadi nyingine.

Siku za mwanzo nilikuwa nimekwisha kushika spana. Akaniambia, "Bwana mdogo, acha skrubu. Sikiliza kwanza." Nikamwitikia, "Ndiyo, Mzee," nikasikiliza bila kujua ninachosikiliza. Baadaye nikaelewa kuwa sikio lake lilikuwa na msingi wa hesabu. Injini ya mipigo minne ikizunguka mara 600 kwa dakika, kila nozo hupuliza mara 300, yaani mara 5 kwa sekunde. Silinda nne kwa pamoja hutoa mapigo 20 kwa sekunde, na hayo sikio huyapokea kama mngurumo mmoja. Silinda moja ikifa, pengo hutokea mara 5 kwa sekunde, na pengo la kasi hiyo mtu hulisikia waziwazi na kulihisi kwenye chuma.

Akishasikia pengo alithibitisha kwa spana. Alilegeza nati ya bomba la nozo moja, mafuta yakavuja badala ya kuingia silinda. Injini ikishuka na kutikisika zaidi, silinda ile ilikuwa ikifanya kazi. Isipobadilika, hiyo ndiyo iliyokufa. Aliikaza, akaenda ya pili, ya tatu, ya nne. Kabla ya kugusa skrubu yoyote alikuwa ameshajua nozo gani inatakiwa kutoka.

Arusha iko kwenye mita 1400 hivi juu ya bahari, na magari yetu hupanda hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ambako ni zaidi ya mita 2200. Hewa ni nyepesi, asubuhi ni baridi, na joto la kushindilia hupungua. Landrova hizo zilikuwa na hita plagi nne za kupasha moto silinda wakati wa kuwasha, zilizounganishwa kwa mfululizo, umeme ukipita ya kwanza uende ya pili mpaka ya nne, hivyo moja ikiungua zote zinazimika. Gari lilitoa moshi mweupe na kutikisika dakika kadhaa, na dereva akaomba sailensi ipandishwe. Mwalimu wangu aliwauliza madereva wa mbuga swali moja: "Likishapata moto linatulia?" Likiwa linatulia, alitafuta hita plagi iliyoungua na kuacha pampu kama ilivyo.

Kulikuwa na sababu nyingine iliyowafanya madereva wapende sailensi ya juu, nayo ni dinamo. Landrova za kabla ya miaka ya 1970 zilichaji betri kwa dinamo, ambayo kwenye sailensi haitoi umeme wa maana. Taa nyekundu iliwaka, taa za mbele zikafifia. Dereva alidhani injini iko chini mno, kumbe ndivyo dinamo ilivyo. Alternata zilipoingia, malalamiko hayo yakapungua, lakini mazoea ya kupandisha yalikuwa yameshakaa.

Miaka ya kukosa vipuri

Baada ya vita vya Kagera, vilivyomalizika mwaka 1979, nchi ilikaukiwa fedha za kigeni. Aliyefanya kazi ya gereji wakati ule hahitaji kusimuliwa. Nozo mpya hazikuwepo. Raba za kuziba pampu hazikuwepo. Filta ya dizeli iliyotakiwa kutupwa ilioshwa ikarudishwa. Sindano ya nozo iliyochakaa tuliisugua kwa unga laini wa kusagia, kwa mkono, juu ya kioo, kisha tukaipima kwenye pampu ya majaribio kama inapuliza ukungu au inadondosha.

Ni katika miaka hiyo skrubu ya sailensi ilipoanza kutumika vibaya, na sithubutu kuwahukumu waliofanya hivyo. Gari la zahanati lisipotembea, mgonjwa hafiki hospitali. Nozo imechoka, haibadilishwi kwa sababu haipo, injini inazima kila ikisimama. Fundi akapandisha sailensi ili gari liendelee kufanya kazi. Ilikuwa dawa ya dharura, na mafundi wazima waliitoa wakijua hivyo. Kilichotuumiza ni kwamba vijana walioingia kazini wakati ule walikutana na dharura wakaichukua kuwa ndiyo ufundi. Vipuri vilipopatikana, wao walikuwa wameshazoea kuzungusha.

Toyota na pampu ya VE

Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu waliokuwa na fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa wamezipata wapi. Pikapu na mabasi madogo ya Kijapani yakaanza kuingia, na miaka ya 1990 Toyota Hiace zikajaa stendi zetu. Injini zilikuwa za familia moja: 2L ya sentimita za ujazo 2446, 3L ya 2779, baadaye 5L ya 2986. Land Cruiser nazo zikaja na 1HZ ya lita 4.2, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990 na mpaka leo inaheshimiwa na kila dereva wa mbuga.

Injini hizo zilibeba pampu ya aina ya VE, ambayo Bosch waliitoa mwaka 1975 na Wajapani wakaitengeneza kwa leseni. Ina plunja moja inayozunguka huku ikienda mbele na nyuma, ikigawa mafuta kwa silinda zote. Gavana yake imo ndani ya pampu hiyohiyo, imezama kwenye dizeli. Skrubu ya sailensi iko nje, juu, na mara nyingi nati yake hufunguliwa kwa spana namba 10. Mtu yeyote anaifikia kwa sekunde chache, na hapo ndipo tatizo lilipokua.

Fikiria udogo wa kinachopimwa. Injini kama 2L iliyo sailensi kwenye mizunguko 700 hupuliza mara 1400 kwa dakika kwa silinda zote nne, na kwa saa nzima hutumia mafuta yasiyofika lita moja. Ukigawanya, kila mpulizo ni milimita za ujazo zisizofika 12, chini ya tone moja. Gavana inapima sehemu ya tone, mara 1400 kwa dakika, kwa miaka. Kifaa cha namna hiyo kinastahili kuguswa kwa adabu.

Wajapani walijua sailensi moja haitoshi kwa hali zote, wakaongeza msaada. Gari lenye kiyoyozi lina kifaa cha kusukuma mkono wa pampu kidogo kiyoyozi kikiwashwa. Pampu nyingi zina kifaa chenye nta kinachopandisha sailensi injini ikiwa baridi na kuishusha yenyewe ikipata moto. Land Cruiser nyingi zina kitufe cha kuvuta kwenye dashibodi, dereva anashikilia mafuta kwa mkono asubuhi ya baridi. Fundi asiyejua vifaa hivi huviona kama ugonjwa. Huja gari ambalo kifaa cha nta kimeganda, sailensi iko juu wakati wote, fundi akaishusha kwa skrubu, na kesho yake asubuhi gari haliwaki.

Palikuwa pia na udanganyifu wa biashara. Muuzaji wa gari lililotumika alipandisha sailensi ili mtetemo wa nozo mbovu au raba za injini zilizopasuka usionekane wakati mnunuzi anakagua. Mficha uchi hazai. Mnunuzi alirudi nyumbani na gari linalogonga gia, linalokula mafuta na kuchelewa kushuka ukiachia pedali.

Mafuta yaliyotuharibia pampu

Narudi kwenye lile sharti la pampu za rota. DPA na VE hulainishwa na dizeli inayopita ndani, na kati ya plunja na nyumba yake kuna nafasi ya maikroni chache tu. Mafuta ya taa ni membamba na hayalainishi vizuri kama dizeli. Miaka ambayo kodi ya mafuta ya taa ilikuwa ndogo sana kuliko ya dizeli, uchakachuaji wa dizeli kwa mafuta ya taa ulishamiri, na tuliuona mezani kwetu kabla haujaandikwa magazetini. Pampu zilikuja na mikwaruzo mipya kwenye plunja, vyuma vimepoteza mng'ao, na dalili ilikuwa ileile: gari likipata moto, sailensi inapanda na kushuka, au linazima na kukataa kuwaka mpaka lipoe. Pampu iliyolika huvujisha ndani, na dizeli yenye joto, kwa kuwa ni nyepesi, huvuja zaidi.

Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kutia alama kwenye mafuta ili kuyatambua yaliyochanganywa, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa kukaribia ya dizeli. Hatua hizo zilisaidia. Lakini pampu zilizokwisha kulika hazikurudi, na nyingi ziliendelea kutembea zikiwa zimepandishwa sailensi kufidia mafuta yanayovuja ndani. Skrubu haiwezi kurudisha chuma kilicholika.

Mpangilio wa kazi

Huu ndio mpangilio niliourithi, nami nimeufundisha kila kijana aliyepita kwangu.

Anza na hewa na mafuta. Badilisha filta, mwaga maji yaliyokaa chini yake, kagua mabomba yanayotoka tangini. Weka kipande cha bomba angavu kabla ya pampu uangalie kama mapovu yanapita. Upepo kidogo tu hutosha kuyumbisha sailensi, na kuutoa upepo ni kazi ya pampu ya mkono na subira.

Pili, angalia injini yenyewe. Nafasi za valvu ziwe sawa, na raba zinazoshikilia injini ziwe nzima, maana injini nzuri juu ya raba iliyokufa hutikisa gari zima.

Tatu, toa nozo uzipime. Nyingi za injini hizi za zamani hufunguka kwenye mgandamizo unaozidi mara 100 ule wa hewa ya kawaida, kwa hiyo usiweke mkono mbele ya nozo inayopimwa, maana mafuta yatapenya ngozi na kuingia mwilini, nalo ni jeraha la kukimbizwa hospitali. Nozo inatakiwa kutoa ukungu na kukata ghafla, isidondoshe.

Nne, hakikisha taimingi ya pampu. Ikichelewa, injini hutoa moshi mweupe na kulegea. Ikiwahi mno, inagonga.

Tano, legeza kebo ya pedali uhakikishe haivuti mkono wa pampu. Mara nyingi sailensi iliyo juu ni kebo iliyokazwa tu.

Baada ya hayo yote, injini ikiwa imepata moto, kiyoyozi na taa vimezimwa, ndipo unashika bisibisi. Siku hizi kuna kifaa kinachobanwa kwenye bomba la nozo ya kwanza na kuhesabu mapigo, na kingine kinachosoma kwa mwanga kwenye puli. Vitumie, pamoja na kitabu cha injini hiyo. Zungusha kidogo, kanyaga mafuta mara moja, acha injini irudi, soma tena. Kaza nati, kisha soma mara ya mwisho, kwa sababu kukaza huweza kuisogeza skrubu. Skrubu ya mwendo wa juu na ile ya kiasi cha mafuta nyuma ya VE usiziguse kabisa nje ya meza ya kupimia pampu.

Skrubu inaondoka

Miaka ya 1990 kompyuta ilizidi kuchukua nafasi ya springi. Toyota walitoa 1KZ-TE mwaka 1993, pampu ikiongozwa kwa umeme. Landrova wakatoa Td5 mwaka 1998. Mfumo wa reli moja ya mafuta yenye mgandamizo mkubwa uliingia kwenye malori ya Kijapani mwaka 1995 na kwenye magari madogo ya Ulaya mwaka 1997. Ndani ya injini hizo kompyuta husoma kasi, huona silinda iliyo nyuma na kuiongezea mafuta peke yake. Skrubu haipo.

Nataka vijana walisikie hili vizuri: ile njia ya mwalimu wangu ya kulegeza nati za nozo injini ikiwa inazunguka imekoma kwenye injini za reli. Mgandamizo ndani ya mabomba yake unaweza kuzidi mara 1000 ule wa hewa. Ukilegeza, mafuta yanakata nyama. Njia iliyokuwa ufundi kwenye DPA ni kifo kwenye D-4D, injini ya reli ya Toyota.

Hata hivyo maarifa ya zamani hayajaisha kazi. Landrova 109 bado zinapeleka watu na mizigo vijiji vya Simanjiro na Loliondo, Hiace za 3L bado zinaamka alfajiri, na 1HZ zitatembea miaka mingi ijayo. Mafundi wanaozijua pampu zake wanazeeka, na wengi wao hawajaandika neno.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa VETA na vyuo vya ufundi wawaalike mafundi hao darasani wangali na nguvu, pampu iwe mezani na daftari mkononi mwa mwanafunzi. Nawe mwenye gari, ukimpelekea fundi dizeli inayotetemeka akashika bisibisi kabla ya kuuliza filta ilibadilishwa lini, chukua ufunguo wako utafute mwingine.